Mubirizi wa uani kwetu Kigoma: homa ilishuka, malaria ikabaki

Uani Mwanga (mleta uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Naandika kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nyuma ya nyumba ya mama yetu kuna mubirizi uliokuwapo kwenye uzio kabla sijazaliwa, na mti huo umetulea. Tumbo likisokota, mama anachuma majani. Kuku wakizubaa, mama anachuma majani. Mdogo wetu wa mwisho aliachishwa ziwa kwa mubirizi: mama alijipaka maji yake, mtoto akaonja mara mbili, siku ya tatu hakuliulizia tena. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani nimekuja kuutukana mti. Nimekuja kwa sababu masika iliyopita nusura tumzike mtoto wa mdogo wangu, huku tukiamini kwamba amepona.

Kwa wasioujua: ni kichaka ambacho ukikiacha kinakuwa mti mdogo wa mita 2 hadi 5. Jani lake ni refu kuliko kiganja, ukilisugua harufu yake nzito inabaki mkononi. Maua ni meupe, madogo madogo, yameshikana mafungu, na yakichanua nyuki hawabanduki. Kitaalamu ni Vernonia amygdalina, na siku hizi wengine wanauandika Gymnanthemum amygdalinum. Sisi Waha tunasema umubirizi, na ndugu zetu wa Burundi wanasema hivyo hivyo. Huhitaji mbegu. Unakata kipande cha shina, unakichomeka mvua zinapoanza, basi.

Mama anavyoutengeneza ni hivi. Anachuma majani machanga ya kujaa mkono mmoja, anayaosha vumbi, anayatia kwenye bakuli la bati lenye maji ya baridi yaliyochemshwa tangu jana. Halafu anayafikicha. Hayapondi, anayafikicha kama mtu anayefua kola ya shati, mpaka maji yawe kijani na juu yake lipande povu kama la sabuni. Povu hilo ndilo alama yake kwamba dawa imetoka. Anachuja kwa kitambaa, anakupa nusu kikombe. Uchungu wake haukupigi ulimini, unakungoja kooni. Ukidhani umeshameza ndipo unapofika. Na aliyefikicha, hata akinawa kwa sabuni mara mbili, tonge lake la kwanza la ugali jioni litakuwa chungu.

Sasa kisa chenyewe. Mtoto ana miaka 3. Alhamisi jioni mwili ulianza kuchemka. Mama akafikicha majani, akampa vijiko vichache na sukari kidogo. Ijumaa asubuhi mwili umepoa, amekunywa uji, anamkimbiza paka. Tulifurahi jamani. Jumamosi jioni homa ikarudi, akapewa tena, ikashuka tena. Mdogo wangu alisema tumpeleke akapimwe. Mimi ndiye niliyemjibu, "mbona anacheza?" Maneno hayo ni yangu, si ya mama, na sitayasahau.

Jumanne alfajiri niliamshwa na kelele. Macho ya mtoto yamegeuka juu, taya zimebana, mikono inarukaruka. Tulipanda bodaboda moja, mimi na mdogo wangu, mtoto katikati yetu. Kipimo cha kidole kikaonyesha malaria, na damu yake ilikuwa imeshuka mno. Nilimfungua kiganja nikaona hakina wekundu wowote. Akachomwa sindano za artesunate, akaongezewa damu. Tulilala wodini siku 5. Leo ni mzima, Mungu ashukuriwe, na sauti yake naisikia huko nje ninavyoandika.

Swali langu kwa wenye ujuzi na wenye umri: mubirizi unatibu nini hasa, na nguvu yake inaishia wapi? Maana homa niliiona ikishuka, tena mara mbili. Sikuota. Kama dawa ilifanya kazi, mtoto alifikaje pale?

Mzee wa Kakonko

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mwenyezi Mungu amkuze huyo mtoto.

Lakini mti usiuhukumu haraka. Mimi nimezaliwa wakati zahanati kwetu ni mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, tena ufike ukute imefungwa. Bibi yangu alikuwa na mibirizi mitatu, mmoja nyuma ya zizi. Homa, minyoo, kuhara, mbuzi aliyevimba tumbo, wote walipita mikononi mwake. Tumekua na tuna wajukuu. Vijiti vyake ndivyo mswaki wangu mpaka leo na meno yangu mengi bado ninayo.

Kwa mtazamo wangu dozi ilikuwa ndogo. Vijiko vichache, tena na sukari? Kwetu mtoto alishikwa pua akanywa kikombe kizima.

Mama Pacha Kasulu

Pole sana ndugu yangu, nimesoma huku nimewakumbatia wangu.

Mzee, shikamoo. Mimi nasubiri majibu kwa sababu nina ujauzito wa miezi 5, na mama mkwe ananitengenezea mubirizi kila wiki. Anasema unasafisha damu. Ni mtu mwema sana kwangu, naona vigumu kumkatalia.

Mtongwe wa Ziwani

Naomba nianzie mbali kidogo, maana mti huu una habari iliyoanzia kwetu ikaenda dunia nzima, na watu wengi wa Kigoma hawajaisikia.

Sisi Watongwe tunauita mjonso. Wazee wetu waliishi kwenye milima ya Mahale, huko kusini ukiambaa na ziwa, kabla haijawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walianza kufuatilia sokwe wa huko mwaka 1965. Mwezi Novemba 1987, mtafiti mmoja, Michael Huffman, alikuwa msituni na Mohamedi Seifu Kalunde. Kalunde ni Mtongwe, alikuwa mtumishi wa hifadhi, na kwao ni watu wa mitishamba. Siku hiyo walikuwa wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku.

Chausiku hakuwa mzima. Muda mwingi amelala wakati wenzake wanakula, mkojo umebadilika rangi, choo si cha kawaida. Akainuka akaenda kwenye mjonso. Wenzake hawakuujali ule mti. Yeye akavunja chipukizi, akambua majani, akamenya ganda, akabaki na kile kiini cha ndani. Akakitafuna, akafyonza maji yake, akatema makapi.

Huffman alikuwa haujui huo mti. Kalunde ndiye aliyemwambia kwamba hiyo ni dawa, na kwamba kwetu inatumika kwa homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Wakaendelea kumfuata. Kesho yake, haijatimia siku nzima na kidogo, Chausiku alikuwa ameamka, anatembea na anakula kama zamani. Watongwe nao walipoulizwa mtu akinywa mjonso anachukua muda gani kupata nafuu, jibu likawa karibu lile lile, siku moja. Mwaka 1989 wakaandika habari hiyo katika jarida la kisayansi, na jina la Seifu likawekwa pembeni ya jina la Huffman. Kwangu hilo si dogo. Wenyeji wangapi wameonyesha njia, wamebeba mizigo, wametaja kila jani, na mwisho wa safari hawakuandikwa popote?

Desemba 1991 wakakutana na jike mwingine mgonjwa akifanya vile vile. Safari hii walichukua kinyesi chake wakakipima. Mayai ya minyoo ya vinundu, ile inayokaa kwenye utumbo, yalikuwa 130 kwa kila gramu. Baada ya saa 20 yakawa 15.

Sasa mleta uzi, na mzee wangu wa Kakonko ambaye nakuamkia kwa heshima zote, angalieni mambo mawili humo ndani.

La kwanza, tazameni alichokitupa. Alitupa majani na ganda. Wakemia walipoupasua ule mti kwenye maabara, wakakuta kitu kinaitwa vernodalini ambacho ni sumu kikizidi, na kimejaa zaidi kwenye majani na ganda kuliko kwenye kiini. Chausiku alichukua sehemu iliyo laini, akatafuna kwa muda mfupi, akaacha. Hakushindilia. Wazee wetu nao wanatumia majani, ndiyo, lakini wanayaloweka kwenye maji ya baridi na wanakupimia kidogo. Kumshika mtoto pua na kumjaza kikombe kizima hatukufundishwa hivyo.

La pili, hesabu zile ni za minyoo. Habari ya Chausiku inasimuliwa siku hizi kama ushahidi kwamba mjonso unamaliza malaria. Si hivyo. Ni ushahidi mzuri sana kwa tumbo, na kwa tumbo mimi nautumia na nitaendelea kuutumia.

Kijana wa Gungu

Mkuu Mtongwe, umenifungua macho. Nimezaliwa Kigoma, habari za Gombe na Jane Goodall tumesoma shuleni, lakini Chausiku ndiyo kwanza namsikia leo. Hii ilitakiwa iwe kwenye vitabu vya darasa la tano.

Muuguzi Buhigwe

Nimekuwa wodi ya watoto kwa miaka mingi, na kisa cha mleta uzi nimekipokea mlangoni mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kila mara mama wa mtoto anasema neno moja: "alikuwa ameshapona." Kwa hiyo ngoja nijibu swali lenyewe, kwa nini homa ilishuka.

Kwanza, homa ya malaria ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Vimelea vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vinazaliana humo, kisha vinazipasua zote karibu kwa wakati mmoja ili vikaingie nyingine. Vinapopasua ndipo mwili unapowaka. Mzunguko huo, kwa malaria yetu hii, unachukua takribani saa 48. Katikati mtoto anapoa, anakula, anamkimbiza paka, na kumbe ndani chembe zinaendelea kuliwa. Alhamisi, kisha Jumamosi, kisha usiku wa kuamkia Jumanne. Hesabu mwenyewe. Na ndiyo maana damu yake ilikuwa imeisha. Kila mpasuko uliondoka na fungu lake.

Pili, mubirizi wenyewe unafanya kazi, ila haumalizi. Uganda walijaribu kwa wagonjwa halisi na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 33, wote wenye zaidi ya miaka 12, malaria ya kawaida isiyo kali, wakapewa maji ya majani mabichi. Siku ya 14, asilimia 67 hali zao zilikuwa nzuri. Ukiishia hapo utasema dawa imepatikana. Lakini walipoangalia damu za hao walioendelea vizuri, ni asilimia 32 tu ambao vimelea vilikuwa vimekwisha kabisa. Na hata kwa hao, asilimia 71 vimelea vilirudi. Yaani mtu anajisikia mzima, na ugonjwa bado umo ndani yake.

Mtu mzima aliyekulia Kigoma anaweza kuvumilia hali hiyo, kwa sababu ameumwa na mbu tangu utotoni na mwili wake umejifunza kupigana kwa kiasi fulani. Mubirizi unapunguza, mwili unamalizia. Mtoto wa miaka 3 mwili wake haujajifunza. Mubirizi unapunguza, halafu hakuna wa kumalizia. Ndiyo maana jaribio lile halikuchukua watoto wadogo. Na kwetu hatari hii si ya kubahatisha: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulipopima watoto wa chini ya miaka 5, mkoa wetu ulikutwa na malaria kwa asilimia 24, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 7.

Mzee wa Kakonko, shikamoo baba. Sikudharau hata kidogo, na bibi yako alifanya alichoweza kwa kile alichokuwa nacho. Ila naomba nikuulize kama mwanao: ndugu zako waliozaliwa tumbo moja na wewe, wote walikua?

Na asiwepo mtu wa kusema hospitali inachukia majani. Kwinini ilitoka kwenye ganda la mti. Dawa mseto tunayoitumia Tanzania tangu mwishoni mwa 2006 ina artemetha, na mama yake artemetha ni jani la Kichina, Artemisia annua. Tu Youyou aliyeichimbua kwenye jani hilo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge unajua kiasi, na imeunganishwa na dawa ya pili inayobaki kwenye damu siku nyingi kumalizia vimelea vilivyojificha. Mtu mzima anameza vidonge 24 kwa siku 3, vinne vinne mara sita, na avimeze baada ya chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta hiyo dawa ya pili hainyonywi vizuri. Kigoma hatukosi mawese, tia kijiko kwenye mboga.

Mama Pacha, wewe nakusihi uache leo. Mubirizi unachochea mfuko wa uzazi kubana. Wakunga wa jadi sehemu nyingine wameutumia kusaidia kondo la nyuma kutoka. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini haufai kwa mimba ya miezi 5. Kliniki watakupa vidonge vya SP vya kukukinga na malaria, na vidonge vya kuongeza damu. Mwambie mama mkwe kwamba kliniki wamekataza. Nitupieni lawama mimi.

Mama Pacha Kasulu

Asante sana dada. Nitamwambia leo hii hii. Nilikuwa nimepanga kumpelekea chandarua kipya, nitaanzia hapo ndipo nimweleze.

Nyuki wa Sikonge

Wakuu, mimi niko Tabora, shughuli yangu ni mizinga. Uzi huu nimeusoma mara mbili.

Kwetu nafasi ya mubirizi imechukuliwa na mwarobaini. Kila kiwanja kina mwarobaini, na hadithi ni ile ile: unatibu maradhi 40, jina lenyewe linasema. Watu wanachemsha majani mpaka maji yawe meusi, wanakunywa, wanajifukiza chini ya blanketi, homa inashuka, wanarudi kwenye tumbaku. Alichoandika muuguzi kuhusu mtu anayejisikia mzima na bado anaumwa nimekiona kwa mfanyakazi wangu mwenyewe. Alirudi shambani siku ya tatu, siku ya sita tukambeba.

Ninalo ombi na ninalo swali. Swali: nimesikia Wanigeria wanaupika kama mboga, ni kweli? Ombi: naomba vipando. Kwangu nektari ndiyo shida kuu kati ya msimu na msimu, na mleta uzi amesema nyuki hawabanduki kwenye maua yake. Nataka kuuzungusha kwenye uzio wa manzuki.

Kijana wa Gungu

Nami nina la kwangu. Baba ana kisukari, anameza metformini kila siku. Mwaka huu ameanza kunywa maji ya mubirizi asubuhi kabla ya kula chochote. Wiki iliyopita alitoka jasho jingi, akatetemeka, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Mama akampa soda akarudi sawa. Je, vinahusiana? Unga wa mubirizi anaununua kwenye chupa kwa kijana mmoja wa pale sokoni.

Muuguzi Buhigwe

Kijana, dalili hizo ni za sukari kushuka, na mama yako amefanya jambo sahihi kabisa. Mubirizi unashusha sukari, hilo limeonekana kwenye majaribio ya wanyama mara nyingi. Akiutumia juu ya dawa, tena tumboni hamna kitu, ni kama watu wawili wanaovuta kamba upande mmoja. Auache mubirizi kwanza, apelekwe kliniki ya kisukari, na chupa mwende nayo mwonyeshe. Msimfiche daktari. Wagonjwa wengi wanaficha kwa kuogopa kufokewa, na daktari anapanga dozi ya kidonge bila kujua kinachokiongezea nguvu nyumbani.

Kuhusu yule wa sokoni, tiba asili si haramu nchini. Ina sheria yake ya mwaka 2002 na kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Muulize usajili. Kama hana, jani la uani kwenu unalijua zaidi kuliko unga wake.

Mtongwe wa Ziwani

Nyuki wa Sikonge, ni kweli. Nigeria ni mboga kabisa ya supu, Waigbo wanaiita onugbu, Wayoruba ewuro. Kameruni wanaipika na karanga, chakula kinaitwa ndolé. Siri yao ni kuosha: wanafikicha, wanamwaga maji, wanafikicha tena na chumvi, wengine wanachemsha na kumwaga. Lile povu ambalo mama wa Mwanga analitafuta, wao wanalimwaga. Nimejaribu kwa migebuka ya kukausha na karanga za kusaga, maji manne. Uchungu ulibaki kwa mbali, kama wa ngogwe. Watoto walikula, mimi niliongeza.

Mzee wa Kakonko

Muuguzi, marahaba mwanangu. Swali lako nililisoma jana mchana na sikuweza kulijibu jana.

Kwetu tulizaliwa tisa. Tulikua sita. Watatu walikwenda wakiwa wadogo, mmoja nilikuwa na akili zangu, nilikuwa nachunga. Aliitwa kwa jina la babu. Alichemka, akapewa mubirizi, akapoa, tukacheza naye siku nzima chini ya mwembe. Usiku wake mwili ukakaza, macho yakageuka. Waliokuwapo walisema ni degedege, kwamba kuna ndege amepita juu ya nyumba usiku kivuli chake kikamwangukia. Palikuwa na mzee wa kuzindika, akaitwa. Asubuhi tukazika.

Miaka yote hii nilipokuwa nasema "tumekua kwa mubirizi", sijawahi kumhesabu. Nimesoma ulivyoandika saa 48 nikahesabu siku za yule mdogo wangu kwa vidole. Zimelingana.

Mleta uzi, lile neno langu la dozi ndogo naliondoa. Watu wakisoma wasilifuate.

Mama Pacha Kasulu

Mzee wetu, poleni sana. Mungu amrehemu.

Muuguzi Buhigwe

Baba, pole. Sikuuliza ili kukuumiza. Ule ugonjwa ulikuwa malaria iliyopanda kichwani, na wakati ule hata mjini wengi ulikuwa ukiwashinda. Hakuna aliyekosea katika nyumba yenu.

Uani Mwanga (mleta uzi)

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu uzi huu nimemsomea mama, wote, tangu mwanzo. Alisikiliza akiwa anachambua dagaa. Kwa Chausiku alicheka kwa furaha, akasema kumbe hata sokwe ana mama aliyemfundisha. Kwa mzee wa Kakonko aliacha dagaa, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Mama naye alizaa saba na tuko watano. Hajawahi kutuambia wale wawili walikufaje, na juzi ndipo alipotuambia.

Halafu akaniuliza kile kipimo cha kidole kinafanyikaje. Nikamweleza: wanachoma ncha ya kidole, tone moja la damu, robo saa jibu limetoka. Akauliza, "robo saa tu?" Akanyamaza kwa muda mrefu.

Jana jirani alikuja jioni na mtoto mgongoni, anaomba majani. Watu wote wa mtaa huu wanachuma kwenye uzio wetu, wala hawabishi hodi. Mama alimgusa mtoto shingoni, akavaa kanga ya pili, akamwambia, "Twende wote." Mimi nilibaki na yale majani ambayo jirani alikuwa ameshayachuma, ameyaweka juu ya beseni. Walirudi usiku. Ni malaria, na mtoto alimezeshwa dozi ya kwanza pale pale, baada ya kunyonya. Ya pili ni baada ya saa 8, kwa hiyo mama aliweka saa ya simu yangu iite usiku wa manane, akaenda mwenyewe kugonga kwa jirani kuhakikisha wameamka.

Mti bado uko pale pale na hakuna atakayeukata. Tumbo langu lenyewe liliposumbua Jumamosi nilikunywa robo kikombe, na sitaona haya kusema nilipata nafuu.

Nyuki wa Sikonge, vipando vyako viko tayari. Nimekata kumi, kila kimoja urefu wa kuanzia kiwiko mpaka ncha ya vidole, kwenye matawi yaliyokomaa, siyo yale ya kijani. Nimevifunga kwenye gunia lililoloweshwa na nimechora alama ya rangi upande wa juu usije ukavichomeka kichwa chini. Vichomeke vikiwa vimelala kidogo, macho mawili au matatu yafukiwe, na ufanye hivyo mvua zikishashika. Kuna binamu yangu anapanda treni ya kuja Tabora wiki hii, nitumie ujumbe pembeni nikuunganishe naye mkutane stesheni.